Zile Ndogo za Fundi Pindo

Chumba cha cherehani cha hospitali ile kilikuwa nyuma kabisa, ukishapita jiko na kabla hujafika geti la nyuma, mahali ambapo hata wafanyakazi wengine hawakujua kuna nini. Mpita njia angedhani ni stoo. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kunyofolewa vipuri, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, kabati la chuma lenye kufuli, na dirisha moja lililotazama njia ya zege. Humo Fundi Pindo alikaa miaka ishirini na mitatu. Ukitaka kujua maisha yake yalikwendaje, huna haja ya kwenda mbali na meza ile.

Jina la Pindo alipewa na wafua nguo. Mama yule alikuwa na ugonjwa wa mapindo. Shuka ikimfikia imechanika katikati, ataishona hapo katikati, halafu ataigeuza akague mapindo yote manne, na akikuta uzi umelegea anafumua, anapiga upya. "Fundi, wagonjwa hawalali kwenye pindo," wakawa wanamtania. Naye anajibu bila kuinua macho, "Wewe hujawahi kulazwa. Mtu akishikwa na maumivu anashika pindo la shuka." Jina likamganda, hata kwenye orodha ya zamu mtu mmoja aliwahi kuliandika hivyo hivyo, ikabidi likatwe kwa kalamu nyekundu.

Miaka kumi na moja ya mwanzo hakuna aliyemuuliza kitu. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Nguo zilikuja kwenye toroli, kila moja imebanwa karatasi kwa pini: kiraka, kamba, kifungo. Alishona, akakunja, toroli likaondoka. Kushona alikupenda tangu yuko msichana, ila kazi yenyewe hakuipenda, na hivyo ni vitu viwili tofauti, aliyewahi kuajiriwa anajua. Saa tisa na nusu ikifika alikuwa keshavaa viatu vya kutokea. Nyumbani mumewe, seremala aliyeacha randa kwa sababu ya mgongo, akimuuliza habari za kazi, jibu lilikuwa neno moja tu, "Ipo." Wakaendelea kula.

Halafu akaja Metroni.

Metroni ndiye mkuu wa wauguzi wote, na yule aliyekuja mwaka ule alikuwa mama mfupi, sauti nene, mwendo wa mtu anayekimbiza basi. Wiki yake ya pili aliingia chumba cha cherehani bila kubisha, akalibwaga gauni la mgonjwa juu ya meza.

"Fundi, gauni hili linafungwa nyuma. Mtu aliyepasuliwa tumbo tunamgeuza huku na huku tumfunge kamba, analia kama mtoto. Wewe ungelishonaje?"

Fundi Pindo aligeuka kutazama nyuma yake, aone anayeulizwa ni nani.

"Mimi?"

"Kwani kuna fundi mwingine humu ndani?"

Basi akachukua chaki. Akachora mlango wa gauni ubavuni badala ya mgongoni, kamba tatu, fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Kisha akachora mkono wa kushoto umepasuliwa urefu wake wote, nao una kamba. "Kwa ajili ya dripu," akasema. "Kila wiki naletewa magauni yaliyokatwa mikono na mkasi. Wauguzi wanakata kwa sababu hawana pa kupitishia mpira."

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kazi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, Metroni."

Metroni akachomoa ufunguo mmoja kwenye shada lake, akauweka mezani. "Kabati la vitambaa ni lako kuanzia leo. Ukiona kitu kinahitaji kushonwa, kishone. Usinifuate kuniomba ruhusa, nina mambo mengi. Utaniambia baadaye, tena ukipata nafasi."

Tusidanganyane, ufunguo wenyewe ulikuwa wa kawaida na kabati lilikuwa na kutu. Lakini siku ile mama wa watu alirudi nyumbani akaongea mpaka mumewe akaacha kijiko. Alieleza kamba, ubavu, mkono wa kushoto, akasimama katikati ya chumba kuonyesha. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Leo nimeoa mke mwingine." Wakacheka wote wawili, na bado ilikuwa kweli.

Miaka kumi iliyofuata Fundi Pindo alifanya kazi ambayo hata kwa fimbo huwezi kumfanyisha mtu. Saa moja kasorobo yuko mlangoni. Saa tatu anazunguka wodini, futi ya kupimia shingoni, anauliza wagonjwa wanalala vipi na wauguzi wanahangaika na nini. Wavunjika mguu aliwashonea mto mrefu wa kuwekea mguu. Kwa watoto walioungua alishona fulana za mashuka yaliyofuliwa mpaka yakalainika, mishono yote nje. Wazee waliokuwa wanapoteza miwani aliwabandikia mfuko kifuani. Vingine vilikataa, kwa mfano kofia za wapishi ambazo ziliwafanya wote wafanane na uyoga, na hizo alizifumua mwenyewe akicheka. Kiwanda kimoja cha sare kilimwita mara mbili, mshahara mnono, basi la kumchukua na kumrudisha. Alikataa. Mumewe alipouliza kwa nini, alisema, "Kule nitashona makola mia mbili kwa siku, na hakuna hata mmoja atakayeniuliza kola ikae vipi."

Zile ndogo hazikuwahi kuombwa na mtu yeyote. Zilitokana na macho yake mwenyewe. Asubuhi moja alikuwa wodi ya wazazi kupima mapazia, akamwona mhudumu anapita na kifurushi kidogo kilichofungwa karatasi ya kijani, ile ya kuviringia vifaa. Akamuuliza mkunga wa zamu ni nini kile. Mkunga alikuwa binti mwembamba, mwaka wake wa kwanza kazini, macho yamemwiva kwa kulia.

"Ni mtoto, mama. Kazaliwa hayuko hai. Huwa hatuna nguo za ukubwa ule."

Fundi Pindo aliyaacha mapazia. Alirudi chumbani kwake, akafungua kabati, akatoa mabaki ya kitambaa cheupe cha pamba, akakata. Alikata saizi tatu, ndogo, ya kati, na kubwa kidogo, ingawa kubwa yenyewe ungeweza kuikunja ikaenea kiganjani. Hakuweka vifungo. Aliiacha wazi mgongoni yote, kwa utepe mmoja tu, kwa sababu mikono ya mtoto wa namna ile haikunjiki na hupaswi kuilazimisha. Na mishono akaigeuzia nje, ndani pakabaki laini.

Alipompelekea mkunga, yule binti alipitisha kidole ndani ya nguo, akauliza, "Mama, si hasikii lakini?"

"Hasikii. Mama yake atakayemvalisha ndiye atashika humo ndani."

Tangu siku hiyo droo moja ya wodi ya wazazi haikukosa nguo zile. Hazikuwa na jina, kwa kuwa jina lake lingekuwa zito mno kulitamka kila siku, wakaziita zile ndogo. "Fundi, zile ndogo zimebaki mbili," mkunga atasema akipita dirishani, na jioni zitakuwa zimeshafika kumi. Metroni aliambiwa baadaye, kama walivyokubaliana. Alishika moja, akaitazama muda mrefu, akairudisha. "Sawa, Fundi," alisema, na Fundi Pindo alikuwa radhi kuishi na maneno hayo mawili mpaka astaafu.

Ila Metroni ndiye aliyestaafu kwanza. Walimpa saa ya ukutani, wakampigia makofi, akaondoka na ule mwendo wake.

Mwaka huohuo aliletwa Katibu mpya wa hospitali, na hapa naomba nisimsingizie mtu. Hakuwa mbaya. Alikuwa kijana nadhifu, anayewasalimia wafagiaji kwa heshima, na alikuta mashuka yanatoweka dobi, sabuni zinatoweka, vitambaa vinatoka stoo bila maandishi. Akaweka utaratibu. Kila kitu kiombwe kwa fomu, kila fomu ipate sahihi tatu: ya mkuu wa wodi, ya mtunza stoo, na yake mwenyewe. Kabati la vitambaa likahamishiwa stoo na ufunguo ukarudi ofisini. Kwenye ukuta wa chumba cha cherehani likabandikwa tangazo lenye mhuri, kwamba fundi asishone kitu chochote ambacho hakikuagizwa.

Siku ya kuja kukagua, Katibu alikuta juu ya meza moja ya zile ndogo, ndiyo kwanza imetoka kwenye pasi. Akaiinua kwa vidole viwili.

"Na hii, mama, ni ya nini? Ya mwanasesere?"

Hapo ndipo. Kama kuna mahali maisha ya mama huyu yalipopinda, si mahali pengine. Alikuwa na mdomo na aliulizwa. Lakini neno lile mwanasesere lilimchoma pabaya, akajiambia kwamba mtu aliyeona nguo ile akafikiria mchezo hastahili kuambiwa.

"Ni mabaki tu," akasema.

"Basi mabaki nayo tuyarudishe stoo, yaandikwe." Akatabasamu, hana kinyongo. Fundi Pindo akajaribu jambo jingine, akaanza kumweleza kwamba magauni yaliyoagizwa safari hii yanafungwa nyuma, na kwamba zamani walishakubaliana ubavuni. Katibu akamwekea mkono begani. "Mama, umefanya kazi sana. Wewe sasa shona tu. Kufikiria tuachie sisi, ndiyo kazi yetu."

Alidhani anampunguzia mzigo. Mzee wangu mmoja angesema alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini mimi naona kijana aliamini alichosema, na hilo ndilo baya zaidi.

Fundi Pindo akafa moyo. Hakugombana na mtu wala hakwenda kulalamika popote. Alianza tu kufika saa mbili kamili. Futi akaitundika msumarini, wodini hakwenda tena. Fomu isipokuja anakaa, mikono mapajani, anatazama njia ya zege. Wafua nguo wakimwita kwa utani anaitika kwa kichwa. "Wamesema nisubiri, nami nasubiri," alimwambia mumewe, na mzee akaona kwamba lile neno la zamani, "Ipo", limerudi mezani kwao.

Na kulikuwa na utamu ndani yake, tuseme ukweli. Ililetwa fomu ya foronya arobaini, vipimo vimekosewa, upana umeandikwa nusu. Fundi wa miaka ishirini na kitu aliona kosa kabla hajaweka karatasi chini. Alizishona zote arobaini kama zilivyoandikwa, mapindo yamenyooka, mshono safi, hakuna mto hata mmoja duniani ungeingia. Ziliporudishwa alitoa fomu yenye sahihi tatu, akaiweka juu ya rundo. Hakuna aliyemgusa. Usiku ule alilala vizuri kuliko siku nyingi, na alipoamka akaona aibu kidogo, aibu yenyewe ikaisha kabla ya kufika kazini.

Kwenye droo ya wodi ya wazazi zilibaki zile ndogo saba. Alijua idadi. Alijua pia kwamba hakuna fomu itakayoandikwa kwa ajili yake, maana kwenye orodha ya hospitali kitu hicho hakikuwepo. Na hapa alikuwa na hesabu yake ya kichwani, ambayo hakumwambia mtu, hata mumewe. Zitakwisha. Zitakapokwisha, watu watapiga kelele, kelele zitafika ofisini, na Katibu atatembea mwenyewe mpaka kwenye chumba cha cherehani, asimame hapo mlangoni, amuulize, "Fundi, tufanyeje?" Hicho tu ndicho alichokitaka. Aulizwe tena. Akaingoja siku hiyo miezi mitano.

Ilikuja Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Mkunga aliingia, yule yule, sasa si binti tena bali mtu mzima mwenye wanafunzi wa kufundisha.

"Shikamoo, mama. Zile ndogo zimekwisha. Naomba moja ya kati, nina mama pale amejifungua alfajiri."

Mezani kulikuwa na shuka nyeupe iliyoagizwa kukatwa foronya, na pembeni yake kipande kilichobaki, kirefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko. Kingetosha. Kukata, kushona, kupiga pasi, ni kazi ya robo saa kwa mkono wake.

"Lete fomu," akasema.

Mkunga akacheka, akidhani ni utani wao wa siku zote. Alipoona mwenzake hacheki, naye akaacha.

"Fomu niandike nini, mama? Hazimo kwenye orodha."

"Andika unavyojua. Sahihi tatu."

"Mama, mimi si mtu wa ofisini. Ni mimi."

"Najua ni wewe, mwanangu. Tangazo hilo hapo ukutani, mimi sikulibandika."

Mkunga alilitazama tangazo, akamtazama fundi, akaondoka bila kuaga. Fundi Pindo alisikia viatu vyake vikienda haraka kuelekea jengo la ofisi. Ndiyo hivyo, akajisemea, nenda ukawashe moto. Akajiweka sawa kwenye kiti. Akaondoa nyuzi kwenye sketi yake, akapangusa meza, ili atakayekuja akute mahali ni pasafi.

Ilipita nusu saa. Ilipita saa nzima. Mara mbili aliushika mkasi, mara mbili akauweka chini. Kipande cha kitambaa kilikuwa palepale mbele yake, na alikitazama kama mtu anayetazama chakula siku ya hasira. Akisikia hatua kwenye zege anainua kichwa, kumbe ni mpishi, kumbe ni mtu wa bustani.

Saa tatu na nusu mtu akasimama mlangoni. Hakuwa Katibu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati lake la kazini lina madoa ya rangi, ukimtazama unajua kazi yake ni kupaka rangi majumba. Mikononi alikuwa na boksi, yale maboksi ya chupa za maji ya dripu, limefungwa kwa bendeji lisifunguke. Alilishika kwa mikono miwili, limelala sawasawa, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa mpaka juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Samahani, geti la nyuma ni upande gani? Wameniambia nisipite mbele kwa wageni."

Fundi Pindo alielewa tangu alipoliona lile boksi. Alitaka kusema subiri kidogo, kaa hapo, robo saa tu. Hakuyasema maneno hayo, kwa sababu ili kuyasema ilibidi aeleze kwa nini hayakusemwa saa moja kabla.

"Nenda moja kwa moja," akasema, "ukifika kwenye tangi la maji, shika kushoto."

"Asante sana, mama," akajibu yule kijana, kwa adabu kabisa, akaenda. Alitembea polepole. Mahali zege ilipovunjika alisimama, akatafuta pa kukanyaga, ndipo akaendelea.

Alipopotea machoni, Fundi Pindo aliurukia mkasi. Hajui alikata vipi. Alishona bila kuchora, akapiga mishono kwa nje, akabandika utepe, pasi hakuigusa, akatoka mbio na nguo mkononi, mama wa miaka hamsini na saba na viatu vya ndani. Kwenye tangi hakuna mtu. Getini mlinzi akamwambia kijana kapakiwa kwenye pikipiki ya ndugu yake, wameondoka sasa hivi, wala hawajafika mbali. Fundi Pindo alisimama barabarani akitazama huku na huku. Pikipiki zilikuwa nyingi na hakujua ni ipi.

Akaenda wodi ya wazazi. Mkunga alikuwa kwenye meza yake, mbele yake fomu. Ndiyo, fomu. Hakwenda kupiga kelele ofisini. Kelele ile iliyongojwa miezi mitano haikupigwa. Alikuwa ameijaza kwa mwandiko safi, kwenye nafasi ya kifaa ameandika nguo ya mtoto aliyefariki, moja, na sahihi mbili zilikuwa zimepatikana. Mtunza stoo alichelewa kufika, ndiyo maana saa nzima ilipita.

"Nilibakiza ya Katibu," mkunga akasema. "Nikarudi wodini kidogo, nikakuta baba wa mtoto keshaambiwa aondoke naye, nafasi inahitajika."

Fundi Pindo akanyoosha ile nguo. Mkunga hakuipokea.

"Mama yake aliniuliza kama kuna nguo ya kumvalisha. Nikamwambia ipo, mama, inakuja. Maana nilijua ninaenda kwako."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Fundi Pindo alikwenda ofisini kwa Katibu na viatu vyake vya ndani vilevile. Safari hii hakungoja kukaribishwa. Alieleza yote akiwa amesimama, tangu karatasi ya kijani miaka ile mpaka boksi la dripu asubuhi hii, na hakujificha nyuma ya tangazo. Alisema, kitambaa kilikuwepo. Alisema, nilifanya makusudi. Alisema, nilitaka mje mniombe. Alikuwa amekuja kufukuzwa, au walau kukaripiwa, na njiani alikuwa ameshakubali vyote viwili.

Katibu alimsikiliza vizuri. Uso ulimbadilika aliposikia habari za mtoto, naye nyumbani alikuwa na wadogo. Akavua miwani.

"Pole sana, mama. Ni jambo la kusikitisha. Lakini mbona hukuniambia mapema? Siku ile nilikuuliza."

Ni kweli aliulizwa.

"Hata hivyo," Katibu akaendelea, akirudisha miwani, "wewe huna kosa. Nataka ulielewe hilo, usijitese. Ulifuata utaratibu. Ungejua wangapi humu ndani wananizunguka! Wote wangekuwa kama wewe, hospitali hii ingekuwa mbali. Nitalisema kwenye kikao cha Ijumaa, watu wajifunze." Akachukua kalamu. "Na hizo nguo, tutaziingiza kwenye orodha. Nieleze, wewe unaona zishonwe vipi?"

Neno alilolingoja ndilo hilo, lilifika. Fundi Pindo aliketi, akaeleza kwa sauti ya chini, saizi tatu, utepe mmoja, mishono nje, na Katibu akaandika yote kwa makini.

Jioni mumewe alimkuta amekaa kitandani na nguo za kazini. Akaketi pembeni yake taratibu, kwa ajili ya mgongo, akamuuliza kulikoni. Akaambiwa.

"Kwa hiyo wamekufukuza?"

"Wamenisifu."

"Lakini mama watoto, si walikukataza? Tangazo liko ukutani, kila mtu analiona. Mikono yako waliifunga wao."

"Asubuhi ile nilikuwa peke yangu," Fundi Pindo akasema. "Kitambaa kiko mbele yangu, mkasi uko mezani, hakuna aliyekuwa ananitazama. Hakuna aliyenikataza, baba. Ni mimi nilimwambia hapana."

Mzee akamshika mkono, na mkewe akalia kwa sauti, mpaka majirani wakabisha hodi kuuliza nani kafariki, na mzee akatoka mlangoni akawa hajui awajibu nini.